Kompyuta ya Mama Programu

Fundi mzuri haangalii picha za watu ukutani. Hiyo ndiyo sheria Mutanu Kilonzo aliyojiwekea tangu siku ya kwanza alipoanza kutengeneza kompyuta: ingia, salimia, tazama mashine, toka. Nyumba za watu zina mambo yao, na fundi mwenye macho mengi hakosi kufukuzwa. Sheria ilikuwa nzuri, na ilimlisha miaka minne. Laiti angeivunja siku ile! Angeona mapema ni nani aliyekuwa akimchekea kutoka juu ya kabati, na pengine angegeuka akaenda zake kabla hajafungua mkoba.

Lakini hakuangalia. Aliingia, akasalimia, akaketi.

Nyumba yenyewe ilikuwa Raila, kijiji kimoja cha Kibera, mstari wa pili kutoka njiani, mabati yamepakwa rangi ya samawati, makochi yamevikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono. Mwenye nyumba alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Watu walimwita Mama Programu, kwa kuwa Kibera hapakuwa na mazishi, harusi wala mchango wa kanisa uliopita bila yeye kuuchapia programu, karatasi ile ya ratiba na picha. Mutanu alimjua kwa jina hilo tu, kutoka kwa wauza mitumba wa Soko la Toi, jirani na kibanda chake cha ufundi. Jina lake la kweli hakuwahi kuliuliza. Angeuliza la nini?

"Hii kitu imenitesa, nyathina," mama alisema, akimwita mwanangu kwa Kijaluo. "Inakataa kuzima."

"Inakataa aje?"

"Naiambia izime, naona giza, nasema asante Yesu. Nikitega sikio, feni bado inazunguka! Mwezi mzima nalala na hiyo kelele. Asubuhi nikiwasha kioo napata maneno ya Kizungu kwa rangi ya buluu. Nikasema hii ni virusi. Nabonyeza ile ya kurudi, inanirudisha kwa kazi yangu. Sasa shida ni stima. Ikipotea, kazi yote inaenda. Programu moja nimeandika mara tatu, sababu ya huyo Billy."

Billy alikuwa mchomeleaji wa milango na mageti, na karakana yake ilitazamana na mlango wa mama. Mstari mzima ulitegemea waya mmoja wa stima. Billy akiwasha mashine yake, waya hushindwa, na nyumba zote hubaki gizani mpaka mtu apande kurudisha swichi. Leo Mama Programu alikuwa amejihami.

"Billy!" aliita mlangoni. "Fundi amefika! Usiwashe!"

"Sawa mathe! Lakini saa saba kamili nawasha! Mwenye geti anakuja!"

"Saa saba!" mama akakubali.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na robo. Mutanu akatabasamu, akapiga magoti kando ya meza. Siku hiyo hata kupiga magoti kulimfurahisha. Tangu Jumapili alikuwa anatembea hivyo, na kicheko karibu na midomo, kwa sababu Jumapili mchumba wake, Dalmas, alikuja kwao Kawangware, akala chapati nne, akamuuliza mama yake, tena kwa heshima, mbuzi watatu wa ntheo waletwe lini. Kwa Wakamba, mbuzi wale wakishafika, msichana ni mke wa mtu. Mama yake Mutanu, Mama Syombua, ambaye si mtu wa kulia ovyo, alikwenda nje akajifanya anaanua nguo.

Mutanu akachomoa waya wa printa, maana printa nyingine hufanya mashine ikeshe macho. Feni ikaendelea. Akakagua kitufe cha kuwashia, hakikukwama. Akarudi kwenye kiti.

"Mama, nionyeshe vile unazima. Hatua kwa hatua."

"Naenda pale chini, nabonyeza kuzima. Halafu nazima kioo."

"Papo hapo? Hungoji?"

"Ningoje nini? Marehemu mzee wangu ndiye alinifundisha. Alisema kioo ndicho kinakula stima, kizime haraka."

Mutanu akacheka, si kwa dharau. "Mama, hii mashine haina ugonjwa. Kuna kazi umeifungua, hujaiweka, yaani hujaihifadhi. Ukiiambia izime inakuuliza, niweke ama nisiweke? Wewe unaifunika uso. Sasa inangoja jibu usiku kucha."

"Yawa!" Mama Programu akashika kiuno. "Mwezi mzima inaniuliza swali na mimi naiita virusi!"

"Mbona huweki kazi yako?"

"Naogopa. Mimi sianzi na karatasi tupu, nachukua programu ya zamani, natoa majina ya wale, natia ya hawa. Nikiweka, si ya wale wa kwanza itapotea? Mtu anaweza kurudi kutaka nyingine. Kwa hivyo nachapa, naprinti, naacha hivyo hivyo."

"Nitakuonyesha namna ya kuipa jina jipya. Zote mbili zitakaa."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, jicho la mzazi anayepima. "Umeolewa?"

"Bado, mama." Mutanu akainamisha uso, kicheko kikamponyoka. "Lakini si mbali."

"Huyo kijana ana bahati. Msichana wa kazi ya mikono, mwenye adabu, haringi. Ningekuona mapema ningekuletea wangu. Sasa wangu amepata. Jumamosi tunaenda kwa kina msichana, Ugunja. Ndiyo hiyo programu naandika."

"Hongera, mama."

Alisema hongera, maskini, kwa moyo mweupe kabisa. Kisha akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe cha kioo.

Kioo kikawaka. Maneno ya buluu yakatokea, Mutanu akabonyeza kurudi, na ukurasa ukafunguka mbele yake. Juu kabisa, kwa herufi nene: AYIE. Hiyo ndiyo siku Wajaluo humwendea mama wa msichana kumwomba aseme ndiyo. Chini yake picha mbili zimezungushiwa maua. Ya kulia ilikuwa ya msichana mweupe wa uso, mwenye mashavu ya duara, na jina chini yake: Hope. Ya kushoto ilikuwa ya Dalmas.

Mutanu hakuamini. Akili ilikimbilia kusema ni mtu anayefanana naye, Nairobi watu wanafanana. Lakini shati! Shati la rangi ya damu ya mzee, la mistari myembamba, alilolichagua mwenyewe Toi, akalibishania, akalifua mara mbili kutoa harufu ya mitumba. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kimeanguka, akakishona kwa uzi mweusi kwa kuwa mwekundu uliisha. Uzi mweusi ulikuwa pale, kwenye picha, juu ya moyo wa Dalmas Osewe, bwana harusi mtarajiwa wa mtu mwingine.

Masikio yakaziba. Feni, mama, nyundo ya Billy nje, vyote vikaenda mbali.

"Huyo ndiye kijana wangu," Mama Programu alikuwa akisema kwa fahari, akielekeza kabati. "Hata pale juu ni yeye, siku alimaliza shule. Si ni mzuri?"

Mutanu aliinua macho, akavunja sheria yake. Juu ya kabati, ndani ya fremu ya dhahabu bandia, Dalmas alikuwa akimchekea.

"Mama," alisema, na sauti haikuwa yake, "kijana wako anaishi wapi?"

"Kawangware. Anasambaza mikate. Mbona umeacha kazi? Umekula?"

Dalmas alikuwa amemwambia Mutanu kwamba mama yake alirudi kwao Ugenya, tena ni mgonjwa wa miguu, hawezi kupokea wageni. Mwaka mmoja na nusu aliambiwa hivyo! Alikuwa akimwombea mwanamke huyu kila usiku apone miguu, na miguu yake hii hapa, mizima, ndani ya ndala za manjano, mwendo wa dakika kumi kutoka kibandani kwake.

"Huyu... huyu Hope. Wamejuana kitambo?"

"Ni mimi nilimwona kanisani, wa kwetu. Ukweli nikuambie, kijana alikuwa na mwingine. Mkamba fulani wa Kawangware." Mama Programu akashusha sauti kama watu wafanyavyo wakitaka kusema neno ambalo wenyewe hawana hakika nalo. "Nikakataa. Unajua vile watu wanasema, eti wana dawa, mtoto wako atasahau kwao. Desemba alikuja mwenyewe akakaa hapo umekaa. Akaniambia, mama, nimemwacha."

"Desemba."

"Desemba. Nikamshukuru Mungu."

Mutanu alishika ukingo wa meza. Desemba ndipo Dalmas alipomvisha pete ya shanga, akisema ya dhahabu inafuata. Angeweza kunyamaza, akafunga mkoba, akalia njiani. Wengi wangefanya hivyo. Lakini kulikuwa na kitu ndani yake kilichokataa kuondoka kama mwizi katika nyumba aliyoingia kwa kubisha hodi.

"Hujaniuliza jina, mama."

"Kweli! Si nisamehe. Unaitwa nani?"

"Mutanu. Mutanu Kilonzo, wa Kawangware. Hiyo shati amevaa, ni mimi nilimnunulia. Na hakuniacha Desemba. Jumapili hii alikuwa kwetu, akiuliza mama yangu mbuzi waletwe lini. Na wewe, aliniambia uko Ugenya, mgonjwa."

Mama Programu akasogea mezani. Alitazama kioo, akamtazama Mutanu, akakitazama kioo tena. Akavaa miwani, akakaribia picha mpaka pua ikakaribia kugusa, akauona ule uzi mweusi. Taratibu akakaa juu ya kochi, kitambaa cheupe kikateleza sakafuni, wala hakukiokota.

"Wewe ndiye," alisema. "Wewe ndiye huyo."

"Ndiyo mimi."

"Mimi nimekusema vibaya mbele ya uso wako."

"Hukunijua."

"Hiyo si ndiyo mbaya zaidi?" Mama Programu akajipiga paja. "Nilikukataa sijakuona! Na sasa hivi, kwa mdomo huu, nimesema ningekuletea wangu!"

Kabla Mutanu hajajibu, mlango ulisukumwa.

"Mathe, niaje! Hiyo programu iko tayari? Nimepaki gari vibaya huko..."

Dalmas aliingia na mikate miwili mkononi, shati la kazi wazi shingoni, jasho la mchana usoni. Na moyo wa Mutanu, mjinga ule, ukaruka kwa furaha ya kumwona, kama ulivyozoea, kabla kichwa hakijaukumbusha. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Macho yao yakakutana. Mkate mmoja ukaanguka.

"Babe," alisema Dalmas. Kisha akageuka kwa mama yake. "Mathe." Kisha akainama kuokota mkate.

"Mimi nimepona, naona," Mama Programu akasema pole pole. "Nilikuwa mgonjwa Ugenya?"

Dalmas akaiweka mikate mezani.

"Ngojeni. Wacheni niexplain. Mutanu, si nilikuwa nikuambie? Unajua vile mathe alikuwa. Ningemwambia bado niko na wewe angeanguka pressure."

"Kwa hivyo ukamwambia umeniacha."

"Nilimwambia tu hivyo! Kwa mdomo tu!"

"Na Ugunja?" Mutanu aliuliza. "Jumamosi ungeenda kwa mdomo tu?"

Dalmas akapangusa uso. "Nilidhani itajisort. Kila wiki nasema wiki ijayo. Mathe akapanga tarehe, wazee wakaitwa, sasa ningeanzia wapi? Na mama yako naye ananitazama na macho ya kunipenda hivyo, ningemwambia nini? Sikutaka kuumiza mtu."

Alikuwa anasema kweli, na huo ndio ulikuwa msiba. Mutanu alimjua. Hakuwa muhuni wa wasichana wawili. Alikuwa mtu asiyeweza kusema hapana mbele ya uso wa mtu, hata muuza njugu humuuzia njugu asizotaka. Alimpenda kwa upole huo! Sasa akauona upole ule ulivyo ukifika mwisho wake.

"Unampenda?" aliuliza. "Hope?"

"Nakupenda wewe. Unajua."

Ndiyo, alijua. Akafumba macho kidogo, akafanya uamuzi ambao mpaka leo hajui kama ulikuwa wa busara au wa mapenzi tu. Akashika kipanya, akaiamuru mashine izime. Swali likatokea katikati ya kioo, chini ya picha mbili zenye maua: iweke kazi hii, au isiiweke? Akainuka kitini.

"Kaa."

"Mutanu, please..."

"Kaa hapa. Nimemwambia mama hii mashine haina ugonjwa, inangoja kujibiwa. Ukiiweka, naenda zangu, na Jumamosi uende kwa Hope ukiwa mtu mmoja. Usipoiweka, mama atawapigia wazee leo, na jioni unaenda na mimi kwa mama yangu useme yote. Yote, Dalmas. Baada ya hapo nitaona kama naweza kukusamehe. Nafikiri naweza."

Dalmas akamtazama mama yake, kama kawaida.

"Usinitazame," Mama Programu alisema. "Mimi niliongea sana wakati sikujua kitu. Leo sisemi. Sitaanguka pressure. Jibu mwenyewe."

Akakaa. Akashika kipanya. Mutanu alisimama nyuma ya bega lake, karibu kiasi cha kusikia harufu ya mikate kwenye shati, na bila kutaka mkono wake ukatamani kumgusa shingo, pale nywele zinapoishia. Mshale ukaenda kwenye "usiweke". Mshale ukasimama. Ukarudi kwenye "weka". Ukasimama tena katikati, mahali pasipokuwa na neno.

"Nipeni mpaka kesho," Dalmas alinong'ona.

"Bonyeza."

"Si rahisi, babe."

"Najua. Bonyeza."

Nje, nyundo ya Billy ilinyamaza. Vyuma vikakokotwa. "Mama Programu!" Billy alipaza sauti. "Saa saba hiyo inagonga!"

Mama Programu aliinuka aende mlangoni kumzuia. Kisha akamwona mwanawe, akaganda. Mutanu naye alikuwa ameona. Macho ya Dalmas hayakuwa kwenye kioo tena. Yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Alizaliwa katika mstari huu, akakua akihesabu zamu za Billy. Kidole kilikuwa juu ya kipanya, kimetulia, hakitetemeki hata kidogo, kinangoja.

"Dalmas," Mutanu aliita kwa upole, mara ya mwisho.

Hakugeuka.

Mashine ya kuchomelea ikanguruma, kitu kikalia tap juu ya paa, na kila kitu kikazimika. Kioo, taa ya kijani, picha mbili, swali. Feni ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikapungua, ikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Mutanu aingie, nyumba ile ikawa kimya.

Na ndani ya kimya hicho Dalmas akashusha pumzi.

Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua gunia. Mabega yakalegea. Mwanga wa mlangoni ulimwangukia usoni na Mutanu akauona uso ule wazi, uso alioupenda kuliko wote duniani. Ulikuwa na nafuu. Alikuwa amefurahi kwamba hakulazimika.

"Umeona?" Mama Programu aliuliza kwa sauti ndogo ya kutisha. Hakuwa anasema na mwanawe.

"Nimeona, mama."

"Stima imeenda tu!" Dalmas akainuka haraka, mikono wazi. "Si mmeona? Ni stima! Ikirudi tutaongea vizuri, Mutanu, naapa, ikirudi tu..."

Mutanu alikuwa ameinama, anakusanya bisibisi zake moja moja. Alipofika ya mwisho akavua pete ya shanga, akaiweka juu ya kibodi, taratibu, kama kifaa cha mteja. Hakulia. Kilio kilikuwa kinamngoja Kawangware, kwenye mapaja ya mtu aliyeanua nguo ambazo hazikuwepo kwenye kamba.

Mama Programu alimfuata mpaka kizingitini, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akatafuta la kusema, chochote, asimwachie aende hivi hivi.

"Na hiyo programu?" akauliza mwishowe. "Stima ikirudi, nitaipata?"

"Hapana, mama," Mutanu akasema. "Haikuwa imewekwa."

Akaweka mkoba begani, akampita Billy, aliyekuwa akipanda kurudisha swichi, bila kumtazama.